Historia ya Tatizo la Bafa katika Seva ya Apache na Moduli Zake

Bafa ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambamo data hukusanywa kwa muda kabla ya kupelekwa mbele. Seva ya wavuti huihitaji kwa kuwa kutuma fungu moja kubwa ni kazi nyepesi kuliko kutuma vipande vingi vidogo. Hata hivyo, data inayokusanywa ni data inayosubiri, na mtumiaji huachwa mbele ya ukurasa mtupu ilhali programu imekwisha kuandika. Insha hii inaonesha kuwa, katika historia ya Apache, tatizo hili halikuondolewa bali lilihamishwa kutoka tabaka moja hadi jingine.

Apache ilianza mwaka 1995 juu ya msingi wa seva ya NCSA ya Chuo Kikuu cha Illinois. Katika matoleo ya awali, matokeo ya programu za CGI yalikusanywa na seva kabla ya kutumwa. Aliyetaka yatoke papo hapo alilazimika kulipa faili lake jina linaloanza na "nph-", kisha programu yenyewe iandike vichwa vyote vya jibu. Toleo la 1.3, lililotoka mwaka 1998, liliondoa ulazima huo. Hata hivyo, malalamiko hayakukoma, kwani lugha ya Perl nayo ina bafa yake; mtunzi asipoweka kigeu "$|" kuwa 1, data hubaki ndani ya programu bila hata kuifikia seva.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na toleo la 2.0 mwaka 2002, lililoleta vichujio. Data sasa ilipita kutoka moduli moja hadi nyingine katika "ndoo", mithili ya watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji kuzima moto. Ndoo maalumu ya EOS huashiria mwisho wa jibu, na ya FLUSH huagiza kila kilichokusanywa kitolewe. Hapa ndipo kosa jipya lilipozaliwa: kichujio kinachosubiri EOS kabla ya kupitisha chochote. Kwa kurasa ndogo kosa hilo halionekani; kwa faili kubwa, kumbukumbu hujaa na seva huweza kuanguka. Kichujio kinachopuuza FLUSH nacho huwazuia wote walio mbele yake.

Mwaka 2004 nginx ilitolewa kwa umma, na baadaye ikazoeleka kuwekwa mbele ya seva nyingine. Kwa kawaida, nginx hukusanya majibu ya seva iliyo nyuma yake mpaka kipengele cha "proxy_buffering" kizimwe.

Kutokana na historia hii, utaratibu wa uchunguzi unajipambanua. Kwanza, itungwe programu inayoandika mstari mmoja kila sekunde. Pili, tabaka zizimwe moja moja, kuanzia bafa ya lugha, vichujio, ukandamizaji wa mod_deflate, hadi seva ya mbele, huku ukipimwa muda wa kila mstari kufika. Tatu, chombo cha kupimia nacho kitiliwe shaka: curl, kwa mfano, huhitaji chaguo la "-N" ili isikusanye matokeo yake yenyewe. Mchunguzi asiyezingatia hilo huweza kuishutumu moduli isiyo na kosa.