Barabara za Kaunti, Polisi wa Nairobi: Karne ya Mabaraza ya Uasin Gishu

Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliikabidhi Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Upande wa barabara ya Iten, jiji hilo limeshikana na Kimumu, mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Moiben, penye vyumba vya kupanga na maduka yanayofungwa usiku. Wadi nyingine nne, yaani Tembelio, Sergoit, Karuna/Meibeki na Moiben yenyewe, bado ni nchi ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa.

Mkazi wa Kimumu hulia giza na vibaka. Mkulima wa Meibeki hulia matope na wezi wa mifugo. Wote wawili hupeleka kilio kwa mtu mmoja, mwakilishi wa wadi (MCA), kwa sababu ndiye kiongozi anayepatikana sokoni na kwenye matanga. Naye nusu ya kilio hicho hana dawa yake. Anaweza kusimama katika Bunge la Kaunti akadai greda, kalvati na taa. Kuhusu askari hana kura, wala hawezi kumpangia mshahara, wala kumhamisha.

Wengi hudhani mgawanyo huo uliletwa na Katiba ya 2010. Una umri wa karibu miaka mia, na ulianza na matope.

Walowezi walitaka barabara bila kodi

Makaburu wa kwanza walifika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64, na mwaka 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret. Reli ilichelewa hadi 1924. Kabla ya hapo mizigo ilishushwa stesheni ya Londiani, ikapakiwa kwenye magari ya maksai na kupandishwa uwandani, na wakati wa mvua safari hiyo ilikuwa ya kuzama na kunasuana. Mtu aliyelima nafaka huku juu alijua kwamba faida yake iko njiani.

Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilimwita Jaji Richard Feetham kutoka Afrika Kusini achunguze jinsi serikali za mitaa zitakavyoundwa. Kazi yake ilizaa sheria za mwaka 1928: bodi za manispaa kwa miji, mabaraza ya wilaya kwa maeneo ya walowezi. Uasin Gishu ikapata baraza lake la wilaya, nao mji wa Eldoret ukapata bodi yake. Waafrika walikuwa na mabaraza yao ya wenyeji tangu 1924, lakini hayo yalikuwa ya maeneo waliyotengewa. Familia zilizofanya kazi na kuishi ndani ya mashamba ya Wazungu, kama yale ya Moiben, hazikuwa na kiti popote.

Kazi kubwa ya baraza la wilaya ilikuwa barabara. Walowezi walizitaka sana, ila kodi ya ardhi ya kuzilipia waliipinga kwa nguvu zile zile, hivyo mabaraza yakategemea ruzuku kutoka Nairobi. Mjini mambo yalikwenda kasi zaidi: mwaka 1928 maji ya bomba kutoka Mto Sosiani, na mwaka 1933 umeme.

Polisi hawakuingia kwenye hesabu hiyo. Feetham aligawa mitaro na madaraja. Bunduki ilibaki mkononi mwa Gavana. Walowezi walipolalamikia wizi wa mifugo, gharama ilitupiwa wasiokuwa barazani. Sheria ya 1909 iliruhusu jamii nzima kuadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja, na ile ya 1913 ikaweka faini ya mara kumi ya thamani ya mnyama aliyeibwa. Mwaka 1929 vikosi vya askari wa kikabila vilipata sheria yao, chini ya mkuu wa wilaya. Ndivyo vilivyogeuzwa mwaka 1958 kuwa Polisi wa Utawala, wale tunaowaita AP hadi leo.

Mwaka mmoja na nusu wa majimbo

Kenya iliwahi kujaribu njia nyingine. Katiba iliyotuingiza katika serikali ya ndani Juni 1963 ilikuwa ya majimbo. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake na kikosi chake ndani ya polisi ya taifa, na usalama wa eneo ulikuwa shughuli ya jimbo. Bonde la Ufa, ambamo Eldoret na Moiben zimo, lilikuwa na rais wa bunge la jimbo aliyeitwa Daniel arap Moi. Kwa mara ya kwanza waliochaguliwa huku wangeweza kukaa katika ukumbi mmoja na kujadili barabara na polisi kwa pamoja.

Hawakupewa muda. Chama cha KADU kiliyatetea majimbo kwa hofu ya jamii ndogo kumezwa. KANU kiliyaona ni kugawa nchi. Katika mazungumzo ya London ya Septemba na Oktoba 1963, Nairobi ilirudishiwa mamlaka, na polisi lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyogombaniwa zaidi. KADU ilijivunja Novemba 1964, na tarehe 12 Desemba mwaka huo Kenya ikawa jamhuri yenye serikali moja kuu. Kilichobaki kwa majimbo ni mipaka iliyoitwa mikoa.

Barabara nazo zikafuata. Sheria ya 1969, iliyoanza kazi Januari 1970, iliyanyang'anya mabaraza ya kaunti shule za msingi, afya na barabara, pamoja na kodi ya kichwa iliyokuwa nguzo ya mapato yao. Manispaa chache, Eldoret ikiwemo, ziliponea. Baraza la Kaunti ya Wareng, lililokuja kusimamia Uasin Gishu nje ya mji, lilikuwa na ushuru wa mazao, masoko na vichinjio. Diwani wa Moiben aliyetaka barabara itengenezwe ilimbidi asubiri wizara.

Kiti cha DC

Hapo ndipo kilipokuja kiti kimoja kilichounganisha mambo yote mawili. Chini ya sera ya 1983 ya kuifanya wilaya kitovu cha maendeleo, mkuu wa wilaya (DC) aliongoza kamati ya maendeleo, na ndiye aliyeongoza pia kamati ya usalama. Asubuhi angeweza kusikiliza habari za daraja lililokatika, na mchana habari za ng'ombe walioibwa kwa kupitia daraja hilo hilo. Alikuwa na jibu la pande zote. Ila hakuna aliyempigia kura, na aliyeweza kumwondoa alikuwa Nairobi.

Fedha zilirudi mashinani kidogo kidogo, kila mfuko na mwenyewe. Ushuru wa mafuta wa kukarabati barabara ulianzishwa 1993. Kuanzia 1999 mabaraza yalipata asilimia 5 ya kodi ya mapato. Mwaka 2003 ukaja mfuko wa maeneobunge, CDF, na wabunge wakaanza kujenga barabara, madarasa na vituo vya polisi.

Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na kuchomwa kwa kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008 kukawa doa lisilofutika. Tume ya Jaji Waki iliwalaumu polisi kwa kushindwa kuwalinda raia na kwa kuua baadhi yao, na mwaka 2009 jopo la Jaji mstaafu Ransley likapendekeza mageuzi. Kumbukumbu hiyo ilikuwa mbichi Katiba ilipoandikwa. Wengi hawakutaka kuona gavana wa kabila moja akiwa na kikosi chake.

Tangu 2013

Kwa hiyo Jedwali la Nne la Katiba likagawa hivi: barabara za kaunti, taa za barabarani, mitaro, maji na zimamoto kwa kaunti, polisi kwa serikali ya taifa. Sheria ya polisi ya 2011 iliweka mamlaka ya kaunti kuhusu polisi, mwenyekiti wake akiwa gavana, lakini ni ya kushauri na kufuatilia, haina amri juu ya askari. Jackson Mandago aliyeingia ofisini 2013, na Jonathan Bii aliyempokea 2022, wote walikuta upande wa pili wa meza kamishna wa kaunti anayeripoti kwa serikali ya taifa.

Mgeni aliyezoea habari za Marekani atashangaa. Kule madiwani wa Chicago hupitisha bajeti ya polisi na ya mashimo ya barabara katika kikao kimoja. Hapa wawakilishi 30 wa wadi za Uasin Gishu wanaweza kubishana hadi usiku bila kugusa mafuta ya gari la mkuu wa kituo cha polisi.

Basi usalama umejifunza kuvaa nguo za ujenzi. Zile taa ndefu za nguzo ambazo wananchi wameziita mulika mwizi hukaa kwenye bajeti ya kaunti kama taa za barabarani, ilhali anayeziomba Kimumu anawaza vibaka. Barabara ya changarawe inayochongwa Sergoit hukaa kwenye fungu la ujenzi, ilhali ndiyo inayoamua kama gari la polisi litafika usiku wa mvua. Kituo kidogo cha polisi huezekwa kwa fedha za mbunge. Askari wa kukaa ndani hutoka Nairobi, au hawatoki.

Hata barabara, ambayo ni ya kaunti kwa Katiba, bado inagombaniwa. Julai 2024 ushuru wa ukarabati wa barabara katika kila lita ya petroli inayouzwa Moiben ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25. Mwaka huo wabunge na magavana walipelekana mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo: zitumiwe na kaunti au na mashirika ya taifa kama KeRRA, la barabara za mashambani. Na Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mfuko wa maeneobunge ni kinyume cha Katiba.

Mkazi wa Moiben afanye nini na historia hii? Kwanza, asimkubalie mwanasiasa wa wadi anayeahidi askari, wala asimsamehe anayetumia polisi kama kisingizio cha giza. Pili, ajue kalenda. Mpango wa maendeleo wa kaunti huwasilishwa bungeni kufikia 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mjadala huisha 30 Juni. Sheria inataka wananchi wasikilizwe. Ombi la taa au kalvati likiwekwa kwa maandishi kabla ya Aprili, lina mtu wa kulijibu kwa jina. La polisi lipelekwe kwa kamishna na kwa mbunge, na gavana aulizwe hadharani ile mamlaka anayoiongoza ilikaa lini mara ya mwisho na iliamua nini.