Risasi na Wino: Historia ya Uchaguzi wa Kalamu katika Uandishi wa Kila Siku Upareni



1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza ni kalamu gani inayofaa kwa uandishi wa kila siku. Nilimjibu kwa haraka kwamba peni yoyote ya dukani inatosha. Lilikuwa jibu la mtu aliyesahau alikotoka. Madhumuni ya mhadhara huu ni kulisahihisha jibu hilo kwa kutazama historia ya Upare, hususan Same na milima iliyo juu yake. Hoja yangu ni kwamba achaguaye kalamu hana budi kujiuliza maswali mawili: nani anaweza kukifuta kilichoandikwa, na maandishi yatakaa mahali pa namna gani? Jamii yetu imezoea kuuliza swali la kwanza tu, na kwa sababu hiyo imeyadharau maandishi mengi ya watu wa kawaida.

2.0 Neno na Chombo

Tuanze na neno lenyewe. Kalamu tumelipata kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kina neno lenye undugu na la Kiyunani cha kale lililomaanisha tete. Kwa asili, basi, kalamu ni tete lililochongwa. Ndiyo iliyotumiwa na waandishi wa mwambao waliotuachia tenzi na barua kwa hati za Kiarabu. Chombo kilipobadilika, Kiswahili hakikulitupa neno. Kilitosheka kuliongezea kivumishi. Tukapata kalamu ya wino na kalamu ya risasi, ingawa penseli na peni nayo yameingia kutoka Kiingereza.

Istilahi ya kalamu ya risasi inastahili kusitiwa kidogo. Ndani ya penseli hamna risasi hata chembe. Kilichomo ni grafiti, ambayo ni aina ya kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Zamani madini hayo yalidhaniwa kuwa aina ya risasi, hadi mwaka 1779 mwanakemia Scheele wa Sweden alipobainisha kuwa ni kaboni. Kosa hilo limebaki katika lugha nyingi: Waarabu husema kama sisi, na Wajerumani huiita penseli kijiti cha risasi. Jambo la kutafakari ni kwamba wino wa masizi na gundi ya mti, ulio miongoni mwa aina za kale za wino katika ulimwengu wa Kiislamu, nao ni kaboni. Kikemia, penseli ya mtoto wa darasa la kwanza i karibu zaidi na wino huo kuliko ilivyo peni ya mwalimu wake.

3.0 Kalamu Yapanda Mlimani

Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Pangani kuelekea Kilimanjaro ilipita kando ya milima ya Upare. Hata hivyo, uandishi ulienea mlimani hasa kwa njia ya shule za misheni. Walutheri wa Leipzig walifika Shigatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900, na Waadventista wa Kijerumani wakaingia Upare Kusini mwaka 1903. Mmoja wa Waadventista hao, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909. Hati iliyofundishwa katika shule hizo ilikuwa ya Kirumi.

Kwa muda mrefu wino ulikuwa alama ya ofisi. Wino wa ofisi ndio uliothibitisha kodi, kesi na mipaka. Wakoloni walipoanzisha kodi ya kupanda kwa kadiri ya mali ya mtu, iliyoitwa mbiru, wananchi waliona kwamba wanakadiriwa na wengine bila wao kuwa na la kusema. Mwaka 1945 maelfu yao waliteremka hadi Same kupinga. Profesa Isaria Kimambo ameyaeleza kwa kina mapambano hayo, na hapa nataja kipengele kimoja tu: asiyeandika hana cha kuweka mbele ya kitabu cha yule aliyemwandika.

Pengo hilo lilianza kuzibwa baada ya Uhuru. Mwaka 1971 Wilaya ya Pare, ambayo baadaye iligawanywa kuwa Same na Mwanga, ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizoteuliwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka kwisha. Nyingine zilikuwa Kilimanjaro, Mafia, Masasi, Ukerewe na Dar es Salaam. Kitaifa, wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takriban thuluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975.

4.0 Daftari la Mama

Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wa wanafunzi hao wa 1971. Mimi nilikuwa shule ya msingi, nimekwisha kuruhusiwa kutumia wino, na nilijiona mkubwa kwake. Siku moja aliomba peni yangu. Nilimjibu kwamba risasi ni ya wanaoanza, naye bado anaanza. Hakubisha. Aliendelea na penseli, na hata alipojua kuandika vyema hakuiacha.

Daftari lake lilikuwa la zamu za maji. Wasiotoka kwetu wafahamu kwamba Wapare hukusanya maji ya vijito usiku katika mabwawa yaitwayo ndiva, na mchana huyafungulia mifereji kwa zamu. Mwenye shamba hupoteza mavuno akipoteza zamu yake. Mama aliandika kila zamu: siku, jina la jirani na shamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulizuka mgogoro wa zamu, wazee wakakutana. Katibu alileta kitabu rasmi, kilichoandikwa kwa kalamu ya kujaza wino. Kitabu hicho kilikuwa kimelowa masika, na kurasa zilizohitajika zilikuwa doa moja la buluu. Mama akatoa daftari lake. Nalo lilikuwa limelowa, karatasi zimejikunja, lakini kila jina lilisomeka. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mama, haya ni ya risasi. Hata mtoto anaweza kuyafuta." Mama akajibu, "Ni kweli, mzee wangu, yanafutika. Lakini nani ameyafuta?"

Hakujibiwa. Daftari halikupokelewa, na zamu yetu ikapewa wengine. Mimi nilikuwapo, msomi wa Chuo Kikuu, nikanyamaza. Sikuwa na hoja ya kumtetea, kwa kuwa hoja iliyomshinda ni ile ile niliyomfundisha nikiwa mtoto.

5.0 Hitimisho

Leo naweza kuitoa hoja niliyoikosa siku ile. Wino mwingi wa kalamu za kujaza ni rangi inayoyeyuka majini. Wino wa peni za kawaida ni mzito, wenye asili ya mafuta, na huvumilia maji zaidi, lakini rangi zake nyingi hupauka zikikaa mwangani. Grafiti haiyeyuki wala haipauki. Adui yake ni ufutio na msuguano. Same mjini ni pakavu na pana vumbi. Juu, kuelekea kilele cha Shengena kinachozidi mita 2,400, ukungu na mvua huingia hadi ndani ya makabati. Kalamu inayofaa bondeni si lazima ifae mlimani.

Nawashauri wanafunzi wanaokwenda uwandani wabebe zote mbili. Maelezo ya kila siku, hasa penye unyevu, yaandikwe kwa penseli. Mapatano kati ya watu yaandikwe kwa wino usioyeyuka, tena kwa nakala mbili, ili kila upande ushike yake. Nakala ya pili huzuia udanganyifu kuliko wino wa aina yoyote. Aidha, mtakapokabidhiwa madaftari ya wazee yaliyoandikwa kwa risasi, msiyaweke kando mkidhani ni mazoezi ya watoto. Yasomeni, yanakilini, kisha yahifadhini.

Daftari la mama ninalo. Limepita miaka zaidi ya arobaini, na zamu zote bado zinasomeka.