Mali Chini ya Wajibu

Msimu wa mahindi hapa Laela, mazungumzo yote ni bei ya gunia. Nilikuja likizo na simu mbili, nikifukuzia habari hadi usiku, mpaka mama akauliza, "Mwanangu, umekuja kweli?" Sikuwa na jibu.

Nikamkumbuka Nanji Kalidas Mehta, Mgujarati aliyefika Afrika Mashariki kijana mdogo, akafanya biashara Uganda na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi. Uhindu unataja malengo manne ya maisha: dharma, yaani wajibu na uadilifu; artha, mali; kama, raha na mapenzi; na moksha, ukombozi wa roho. Kumbe mali haikatazwi! Inawekwa tu chini ya wajibu. Mehta alijenga shule ya wasichana Porbandar, pamoja na Kirti Mandir, kumbukumbu ya Gandhi iliyofunguliwa 1950. (Tusisahau, waliomkatia miwa nao walikuwa na maisha ya kuweka sawa.) Alifariki 1969. Miaka mitatu baadaye Idi Amin akawafukuza Waasia, na kiwanda kikachukuliwa. Shule ilikuwa ng'ambo ya bahari, haikuguswa.

Asubuhi nilimkuta mama anapepeta ulezi. Nikazima simu moja. Moja tu, kwa leo.