Mapenzi ya jinsia moja: Kwa nini Kibosho ni siri ya mtu na moyo wake

Desemba ikifika, Wachagga wanarudi nyumbani. Magari kutoka Dar na Arusha yanapandisha Kibosho, Machame na Marangu. Huko kuna mbege, nyama na swali la kila mwaka: "Mke unaleta lini?"

Kwa mwanaume anayevutiwa na wanaume wenzake, swali hilo ni zito kuliko linavyosikika.

Kihamba kwanza

Kwa mila ya Kichagga, kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, baba huwarithisha wana wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Humo ndimo ukoo unamozika watu wake. Anayeendeleza kihamba anategemewa aoe na azae. Ndiyo maana hofu ya kujulikana siyo ya maneno ya watu tu. Ni hofu ya kukosa ardhi na kwao.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoanza enzi za Mwingereza, kinatoa adhabu ya hadi kifungo cha maisha. Mwaka 1998 sheria ilikazwa, na adhabu ikawa isiyopungua miaka 30. Kinachoadhibiwa ni tendo, siyo hisia, ila mtaani wengi hawatofautishi.

Kanisani je?

Misheni ya Kibosho ilianza miaka ya 1890, na Wakatoliki ni wengi. Desemba 2023 Vatican iliruhusu mapadri kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, bila kuita ndoa. Januari 2024 maaskofu wa Afrika wakasema baraka hizo hazifai barani humu. Lakini Katekisimu hiyohiyo inayokataza tendo inataka watu hawa wapokelewe kwa heshima na huruma.

Siri ina gharama

Mwaka 2017 serikali ilizuia vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za VVU kwa makundi haya, ikisema vinahamasisha ushoga. Anayeogopa kujulikana hapimi, hasemi ukweli kwa daktari. Akioa ili kuwaridhisha wazee, hatari inamfikia na mke ambaye hajui lolote.

Hata Marekani, ambako ndoa hizi ni halali majimbo yote tangu 2015, wengi wa vijijini huhamia miji mikubwa kwanza. Wa Kibosho naye huenda Dar. Tofauti ni kwamba Desemba lazima arudi, na swali linamsubiri.