Watoto walioirudisha sinagogi ya Nabugoye

Kila Ijumaa jioni, katika kilima cha Nabugoye karibu na mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, Wayahudi huingia sinagogi na watoto wao kuipokea Sabato. Zaburi huimbwa kwa Kiebrania na kwa Kiganda, kwa mahadhi ya Kiafrika. Watu hawa huitwa Abayudaya. Naisimulia historia yao kwa upande wa watoto, maana bila watoto ingekwisha zamani.

Mwanzilishi alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda, kisha akakosana nao. Aliisoma Biblia akaing'ang'ania Torati. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Inasimuliwa kwamba alipoonywa kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kuwa basi naye ni Myahudi. Alifariki mwaka 1928.

Katika miaka ya 1970 mtawala wa Uganda, Idi Amin, aliipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Sinagogi zikafungwa, na wengi wakahamia Ukristo au Uislamu. Waliobaki walisali kwa siri majumbani. Hapo ndipo dini hii ilipoponea, kwa sababu sehemu kubwa ya ibada ya Kiyahudi ni ya nyumbani. Mishumaa ya Sabato huwashwa nyumbani, kwa desturi na mama. Mkate na divai hubarikiwa mezani. Usiku wa Pasaka, mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza maswali, na wakubwa humjibu kwa kumsimulia jinsi Waisraeli walivyotoka utumwani Misri. Mlango wa sinagogi unaweza kufungwa kwa kufuli. Swali la mtoto mezani ni vigumu kulifungia.

Utawala wa Amin uliisha Kampala ilipoangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliompinga, tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi iliingia.

Abayudaya walikuwa wamebaki takriban 300. Katika miaka ya 1980 kundi la vijana, miongoni mwao Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu, lilihamia Nabugoye, likaishi na kulima pamoja kwa mfano wa kibutzi, vijiji vya ushirika vya Israeli, na kuifufua ibada. Nawapa heshima kubwa vijana hao, kwani walikuwa watoto wakati wa marufuku, na walichokuwa nacho ni kile walichosikia kwa wazazi wao.

Mambo mengine yalifuata. Mwaka 2002 marabi kutoka nje walifika na kuwaingiza mamia rasmi katika Uyahudi. Nyimbo zao zilirekodiwa, na albamu iliyotoka mwaka 2003 iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Sizomu alisomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu mwaka 2008. Mwaka 2016 sinagogi mpya na kubwa zaidi ilifunguliwa kilimani hapo, na mwaka huohuo Sizomu akachaguliwa kuwa mbunge.

Leo Abayudaya wanakadiriwa kuwa 2,000 hivi. Wana shule ya msingi na ya sekondari, hii ya pili ikiwa na jina la Semei Kakungulu, na katika madarasa yake watoto wa Kiyahudi husoma pamoja na watoto wa Kikristo na wa Kiislamu.