Yafahamu yaliyofichika ndani ya gari lako dogo

Na Mwandishi Wetu

KILA asubuhi, katika maegesho mengi ya jijini Dar es Salaam, husikika sauti ya mwanamke akizungumza Kijapani. Dereva anawasha gari, sauti inatamka sentensi moja, kisha inanyamaza. Wapo wanaodhani ni salamu, wapo wanaohofu kuwa gari linadai oili, na wapo waliokwisha kuizoea kiasi cha kuijibu kwa mzaha, “Salama, mama, habari za kwako?”

Sauti hiyo hutoka katika kisanduku kidogo cha kulipia barabara za kasi za Japan, kwa mfumo uitwao ETC ulioanza kutumika nchini humo mwaka 2001. Dereva wa huko huchomeka kadi na kupita katika lango la malipo bila kusimama. Kadi isipokuwamo, kisanduku humkumbusha kuwa hajaichomeka. Kadi ilibaki Japan kwa mwenye gari wa kwanza, lakini ukumbusho wake umevuka bahari pamoja na gari. Fundi wa umeme anaweza kukiondoa kisanduku hicho bila gari kupata dosari yoyote.

Huo ni mfano mdogo wa jambo kubwa. Magari madogo yanayopendwa na wakazi wa mijini, yakiwamo Toyota Vitz, Passo na IST, Honda Fit na Suzuki Swift, mengi huingia yakiwa yamekwisha kutumika Japan, nchi ambayo magari yake hupita upande wa kushoto wa barabara kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda. Yaliundwa kwa ajili ya mnunuzi wa Kijapani, na kitabu cha maelekezo, kama bado kimo ndani ya gari, kimeandikwa kwa lugha yake. Matokeo yake ni kwamba wengi wetu tunajua usukani, gia, breki na redio, na mengine yote tunayapita kila siku bila kuyagusa. Baadhi ya hayo ni ya starehe tu. Mengine yangeweza kumwepusha mwenye gari na gharama, aibu, au hata ajali.

Udogo wenye hesabu

Japan huyagawa magari yake kwa vipimo. Ili gari lihesabiwe katika kundi la magari madogo, urefu wake usizidi mita 4.7, upana mita 1.7, na injini ya petroli isizidi sentimita za ujazo 2,000. Chini ya kundi hilo lipo jingine la magari madogo zaidi, yenye urefu usiozidi mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini isiyozidi sentimita za ujazo 660. Suzuki Carry, ambayo hapa nyumbani tumeibatiza jina la Kirikuu, ilitengenezwa Japan kwa vipimo vya kundi hilo la mwisho.

Mhandisi asiyeruhusiwa kupanua gari hana budi kutafuta nafasi ndani yake. Ndiyo maana Suzuki Wagon R, iliyoingia sokoni mwaka 1993, ina ndoo ya plastiki yenye mpini chini ya kiti cha abiria wa mbele. Ukiinua kiti, unaitoa. Inafaa kuwekea viatu vilivyolowa, kubebea bidhaa za sokoni, au hata kuchotea maji ya kuoshea gari lenyewe.

Honda Fit, iliyozinduliwa mwaka 2001, ilikwenda mbali zaidi. Magari mengi huwa na tangi la mafuta chini ya kiti cha nyuma, lakini katika gari hilo waundaji walilihamishia chini ya viti vya mbele. Kwa sababu hiyo, sehemu ya kukalia ya kiti cha nyuma huweza kuinuliwa na kusimama wima, na nafasi ya kutoka sakafuni hadi karibu na paa ikabaki tupu. Mche wa mti, televisheni au baiskeli ya mtoto husafiri wima bila kulazwa. Aidha, ukichomoa mito ya kuegemea kichwa katika viti vya mbele na kuvilaza kabisa, vitaungana na kiti cha nyuma na kuwa kitanda cha kupumzikia. Wapo wanaomiliki gari hilo kwa miaka na ambao bado hufunga mizigo juu ya paa.

Vitz nayo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999, ina matoleo ambayo ukingo wa mbele wa kiti cha abiria huinuka na kuwa kizuizi, ili mfuko wa nyanya na mayai usimwagike dereva anapofunga breki ghafla. Magari mengi ya aina hizi yana pia vikulabu vidogo kwenye dashibodi au mgongoni mwa kiti. Hivyo ni vya kuning’inizia mfuko mwepesi usiozidi kilo chache.

Mshale uliozaliwa na mvua

Tazama geji ya mafuta katika gari lako. Kando ya alama ya pampu kuna uwezekano mkubwa ukaona pembetatu ndogo. Mshale huo huonyesha upande ambao mfuniko wa tangi upo, ili dereva aingie kituo cha mafuta kwa upande unaofaa.

Wazo hilo lilitoka kwa Jim Moylan, mfanyakazi wa kampuni ya Ford ya Marekani. Mwaka 1986 alisimamisha gari la kazini upande usiofaa wa pampu siku ya mvua, akalowa, na aliporejea ofisini akaandika pendekezo kwa wakubwa wake. Mshale ukaanza kuonekana katika magari ya Ford ya mwaka 1989, na leo umeenea kwa watengenezaji wengi duniani. Haugharimu chochote, ilhali ni madereva wachache wanaojua maana yake.

Yanayookoa fedha

Mwandishi wa makala haya alijifunza somo lake kwa kulipa. Aliacha taa zikiwaka usiku kucha, betri ikaisha, na asubuhi gari likawa limezuia lango la majirani. Ilikuwa gari la gia za kujiendesha, na kijiti cha gia kiligoma kutoka kwenye P. Gari la kuvuta likaitwa na fedha zikatoka. Siku kadhaa baadaye ndipo alipobaini kuwa pembeni ya kijiti hicho kulikuwa na kitufe kidogo ambacho kingemaliza kazi kwa dakika moja.

Kufuli la gia hutegemea umeme ili liachie. Betri ikiisha, tafuta karibu na kijiti cha gia kitufe au kitundu chenye kifuniko, mara nyingi kikiwa na maandishi “SHIFT LOCK”. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, bonyeza kitufe hicho (kama ni kitundu, tumia ufunguo au bisibisi nyembamba), kisha sogeza gia hadi N. Gari sasa linaweza kusukumwa. Fanya hivyo penye tambarare tu, na weka jiwe kwenye tairi kabla ya kuachia breki.

Kwa magari yanayowashwa kwa kitufe, hofu kubwa ni rimoti kuishiwa betri. Wapo waliovunja kioo kwa sababu hiyo. Ndani ya rimoti hiyo kuna ufunguo wa chuma. Sukuma kidude kidogo ubavuni, uchomoe, na ufungue mlango wa dereva. Ukiwa ndani, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kisha kibonyeze. Katika magari mengi injini itawaka, kwani gari huweza kuitambua rimoti kwa ukaribu huo hata kama betri yake imekufa.

Jambo la tatu ni tairi ya akiba. Fungua buti leo na inua zulia. Baadhi ya magari madogo ya Kijapani hayana tairi hiyo kabisa. Badala yake kuna chupa ya dawa ya kuziba tundu na pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye soketi ya kiberiti cha gari. Dawa hiyo ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na gari lililokaa Japan miaka kadhaa huenda likawa na chupa iliyokwisha muda. Mengine yana tairi nyembamba ya muda, ambayo kwa kawaida huandikwa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Ni vyema kuyajua hayo ukiwa nyumbani kuliko kuyagundua usiku, njiani kuelekea Morogoro.

Humo humo, pamoja na jeki, mara nyingi hukaa pete ya chuma yenye nyuzi za skrubu. Hiyo ni ndoano ya kuvutia gari. Kwenye bampa kuna kifuniko kidogo cha mraba au duara. Kibandue, na usokote pete hiyo ndani hadi ikaze. Bampa nyingi zimeng’oka kwa kufungwa kamba mahali pasipostahili.

Yanayookoa maisha

Upande wa usukani, katika magari mengi ya aina hii, kuna gurudumu dogo lenye namba kuanzia 0. Hilo hushusha mwanga wa taa za mbele. Ukijaza abiria na mizigo nyuma, mkia wa gari hushuka na pua huinuka, hivyo taa humpiga machoni dereva anayekuja mbele yako. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mwanga unavyoshuka. Na anayekuja nyuma akikuumiza macho kwa taa zake, sukuma kijipini kilicho chini ya kioo cha ndani, nacho kitapunguza ukali wa mwanga.

Herufi zilizo chini ya D kwenye gia, yaani S, L au B, pamoja na kitufe cha “O/D”, si mapambo. Katika mteremko mrefu kama Kitonga mkoani Iringa au Sekenke mkoani Singida, huifanya injini ishike gari ili breki zisipate moto na kupoteza nguvu. Kinyume chake ni ile tabia ya kuweka gia huru kwa imani kuwa inabana mafuta. Imani hiyo ni potofu. Injini ya kisasa, gari likiteremka ndani ya gia na mguu ukiwa haupo kwenye mafuta, hukata mafuta yenyewe. Ikiwa katika N, inalazimika kuyachoma ili isizimike.

Wakati wa masika madereva wengi hufuta ukungu wa kioo kwa kitambaa huku gari likitembea. Washa kiyoyozi na uelekeze hewa kwenye kioo cha mbele. Kiyoyozi hukausha hewa na ukungu hutoweka. Zima pia kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake, kwa kuwa kazi yake ni kuzungusha hewa ile ile. Kitufe hicho ni cha kutumia unapofuata lori la vumbi au moshi.

Kwa wenye watoto, kwenye ukingo wa mlango wa nyuma kuna kijiswichi kinachozuia mlango kufunguliwa kutoka ndani. Kabla ya kumlipa fundi kwa sababu mlango “umeharibika ndani”, kikague kwanza. Na pale mgongo wa kiti cha nyuma unapokutana na sehemu ya kukalia, katika magari mengi ya miaka ya karibuni, utaona au kupapasa vishikizo viwili vya chuma kwa kila nafasi. Hivyo ni vya mfumo wa Isofix, wa kukazia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye bodi ya gari.

Ukikuta kijiti chekundu miguuni mwa abiria wa mbele, usikiguse ovyo wala usimpe mtoto. Ni fataki ya tahadhari, ambayo sheria ya Japan hutaka iwe ndani ya kila gari. Ikiwashwa hutoa mwali mwekundu kwa takriban dakika 5 ili kuwaonya madereva wengine. Muda wake wa matumizi ni miaka 4, na isiwashwe kamwe palipomwagika mafuta.

Jioni moja yatosha

Redio ndiyo inayoleta manung’uniko mengi. Redio nyingi za Kijapani ziliundwa kwa masafa ya FM yanayoanzia 76 hadi 90, wakati vituo vyetu vipo kati ya 87.5 na 108. Redio si mbovu. Inahitaji kifaa cha kubadili masafa, au kubadilishwa yenyewe.

Kwa yaliyosalia, dawa ni kujisomea. Alama nyingi za kwenye vitufe ni za kimataifa na zinafanana katika magari ya nchi mbalimbali. Vitz iliuzwa Ulaya kwa jina la Yaris na Fit kwa jina la Jazz, na vitabu vya maelekezo vya magari hayo vipo kwa Kiingereza. Havitalingana na gari lako kwa kila kipengele, lakini vitakufungulia mengi.

Tenga jioni moja, chukua tochi, kaa ndani ya gari lililozimwa, na upapase kila kitufe, kila kifuniko na kila mfuko. Mtu aliyelipa mamilioni kununua gari anastahili kulijua lote. Na ile sauti ya asubuhi, hata kama hutaiondoa, angalau sasa unajua inaulizia nini.