Walioumia na Wasioumia

Pombe ni ya kale kuliko sheria zote zilizotungwa ili kuizuia. Katika nchi ya Kakamega, busaa ya unga wa mahindi na kimea cha wimbi ilinywewa kwa mirija mirefu kutoka katika chungu kimoja, wazee wakiwa wameketi kwa mduara. Kinywaji hicho kilikuwa na mahali pake katika arusi, katika tohara, katika matanga na katika kazi za kusaidiana shambani. Onyo kwamba mlevi huumia ni la kale vilevile, wala hakuna kabila lisilokuwa nalo. Lakini kulijua jambo kwa macho ni kitu kimoja, na kulijua kwa kipimo ni kitu kingine. Nataka, msomaji, tufuatane katika njia ambayo wanadamu walipita kutoka ujuzi wa kwanza hata wakaufikia wa pili. Njia hiyo ni fupi kwa miaka, ila ina mtego mmoja ulionasa wengi wenye akili.

Tuutazame mtego huo kwanza, na tuutazamie Buyangu, ukingoni mwa kaskazini mwa msitu wa Kakamega, upande wa barabara kuu iendayo Webuye. Katika barabara hiyo hupita malori ya miwa, matatu, pikipiki za abiria, baiskeli na watu waendao kwa miguu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tabibu wa zahanati ameandika katika daftari lake majeruhi 40 kwa mwaka, na kwamba 20 kati yao walikuwa wamekunywa pombe kabla ya kuumia. Jirani mmoja atapaza sauti: "Nusu nzima! Pombe ndiyo inayotumaliza." Jirani wa pili atajibu: "Nusu nyingine hawakuonja hata tone. Mwacheni mnywaji na chungu chake." Nani kati yao amesema kweli?

Hakuna hata mmoja ajuaye, kwa sababu daftari limewasahau watu wengi kuliko liliowaandika. Limewasahau waliopita njia ile ile, siku ile ile, saa ile ile, wakafika nyumbani salama. Tuseme tumewauliza 40 miongoni mwao, tukakuta 20 walikuwa wamekunywa. Basi wanywaji ni nusu ya walioumia na nusu ya wasioumia, na daftari halina ushahidi wowote juu ya pombe. Lakini tuseme tumekuta wanywaji 10 tu. Hapo miongoni mwa walioumia kila mnywaji mmoja ana mwenzake mmoja asiyekunywa, na miongoni mwa wazima kila mnywaji mmoja ana wenzake watatu wasiokunywa. Uwiano wa kwanza ni mara tatu ya uwiano wa pili. Majeruhi ni wale wale, daftari ni lile lile, na hukumu imegeuka kabisa. Kilichoigeuza ni hesabu ya wale ambao hawakuumia.

Hiyo ndiyo siri ya elimu ya takwimu za afya. Ni kanuni nyepesi kutamka, lakini ilichelewa kutumiwa. Kwanza ilibidi pombe iliyomo mwilini ipimike, maana mlevi hukana na asiyelewa husingiziwa. Katika mwaka 1922 mtaalamu wa Sweden, Erik Widmark, alitangaza njia ya kupima pombe kwa matone machache ya damu. Hapo neno "amelewa", lililokuwa rai ya mtazamaji, likaweza kuandikwa kwa tarakimu.

Katika mwaka 1938 zikatangazwa habari za uchunguzi wa mji wa Evanston, katika jimbo la Illinois, Marekani. Mchunguzi aliyeitwa Holcomb alilinganisha madereva 270 waliolazwa hospitali kwa ajali na madereva 1,750 waliosimamishwa barabarani bila ajali yoyote. Katika kundi la kwanza, karibu 47 kwa kila 100 walikuwa na pombe mwilini. Katika kundi la pili walikuwa 12 tu kwa kila 100. Tazama, msomaji, kwamba tarakimu ya 47 peke yake ingetuacha katika ubishi wa majirani wetu wawili. Ni ile 12 iliyosimama kando yake ndiyo iliyoipa ulimi.

Uchunguzi mkubwa zaidi ulifuata katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, mwaka 1962 na 1963. Kiongozi wake alikuwa Robert Borkenstein, aliyekuwa afisa wa polisi na ambaye mwaka 1954 alikuwa amevumbua chombo cha kupimia pombe katika pumzi. Wasaidizi wake waliwapima madereva 5,985 wa ajali, kisha wakaenda mahali ajali zilipotokea, katika siku na saa zilizofanana, wakawapima wengine 7,590 waliokuwa wakipita kwa amani. Matokeo yalitolewa mwaka 1964. Hatari ilipanda pamoja na pombe, wala haikupanda polepole: kipimo cha pombe kilipozidi, hatari ilizidi kwa mruko. Uingereza ilipoweka kwa sheria ya mwaka 1967 kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, matokeo ya Grand Rapids yalikuwa miongoni mwa misingi yake.

Hata hivyo tarakimu hizo zilikuwa na kitendawili. Madereva waliokuwa na pombe kidogo sana walionekana kupata ajali chache kuliko wasiokuwa nayo kabisa. Wapenzi wa glasi wangeweza kushangilia. Lakini wataalamu walipozirudia hesabu, wakawagawa madereva kwa umri wao na kwa mazoea yao ya kunywa, waligundua kwamba makundi mawili yaliyolinganishwa hayakufanana. Miongoni mwa wasiokuwa na pombe walikuwamo vijana wengi na wazee wengi, ambao huelekea ajali zaidi hata wakiwa timamu. Walipolinganishwa watu wa hali moja, faida ile ya uongo ikatoweka. Kumbe haitoshi kuhesabu wasioumia. Yapasa pia wawe watu wanaofanana na walioumia.

Elimu hiyo ilifika kwetu pia. Katika mji wa Eldoret, Wilson Odero wa Chuo Kikuu cha Moi na mwenzake Anthony Zwi walichunguza madereva barabarani kwa chombo cha pumzi, na matokeo yao yakatolewa mwaka 1997. Katika madereva 479, takriban mmoja kwa kila watano alikuwa na pombe mwilini. Hao hawakuwa majeruhi. Walikuwa wasafiri wa kawaida, na kwa hiyo uchunguzi huo ulitupatia upande ule wa hesabu ambao daftari la zahanati haliwezi kutupa.

Njia nyingine ilielezwa na Malcolm Maclure mwaka 1991. Yeye alishauri kwamba mtu alinganishwe na nafsi yake. Majeruhi huulizwa: Je, ulikunywa katika saa chache kabla ya kuumia? Na saa kama hizo, siku kama hiyo, wiki iliyopita, ulikunywa? Hapo umri, jinsia na tabia haviwezi kutudanganya, kwa kuwa ni mtu yule yule. Katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, Tanzania, wachunguzi waliitumia njia hiyo, na mwaka 2018 walitangaza kwamba kunywa pombe muda mfupi kabla kulizidisha hatari ya kuumia mara kadhaa. Nayo ina udhaifu wake, maana kumbukumbu husahau, aibu hufunga kinywa, na aliyefia njiani haulizwi.

Pengine utauliza, hesabu zote hizi zamfaa nini mtu wa Buyangu? Zamfaa kwa sababu amri hutolewa kwa jina lake. Kenya ilipiga chang'aa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Mwaka 2010 sheria ya kudhibiti vileo iliiondoa marufuku hiyo, ikaruhusu chang'aa iliyotengenezwa na kuuzwa kwa masharti, ikaweka na saa za kuuza pombe. Katika miaka hiyo yote wako waliopoteza riziki, na wako waliopoteza viungo na uhai. Anayetaka kuwatendea haki wote wawili hawezi kutosheka na kelele za baraza, wala na huruma peke yake. Yampasa aulize: wangapi waliumia kabla ya amri, wangapi baada yake, na je, katika muda huo barabara, magari na desturi za watu zilibaki vile vile?

Nawe, msomaji, hutangoja kuwa daktari ndipo uitumie elimu hii. Utakaposikia mtu akisema kwamba nusu ya majeruhi walikuwa wamekunywa, au kwamba babu yake alikunywa miaka 60 asijikwae, usimtukane wala usimwamini upesi. Muulize kwa adabu: na wale wengine je, umewahesabu?